MEZA YA KARATA NAYO ISEME KWELI



Katika nambari iliyopita ya gazeti letu mmoja wetu aliandika juu ya kelele za enterna siku ya posho, akasema ya kwamba wachezaji wa karata wanapita wote kwa kelele. Sikatae. Lakini hakuandika ile kelele inatoka wapi. Mimi niko mmoja wao, najua. Haitoke kwa furaha ya kushinda. Mara nyingi inatoka kwa neno moja tu: "Ile karata ilikuwa wapi? Sikuiona!"

Leo nataka kutoa mawazo yangu juu ya neno lile. Nasema hivi: namna ya kupanga karata juu ya meza isiwe adabu ya yule anayependa, iwe sheria ya wote, na ifuatwe hata kama tunachezea juu ya sanduku la nguo. Najua wengine watacheka. Watasema: "Huyu naye, kila kitu anataka kifanyiwe sheria." Waniache kwanza nimalize, kisha wacheke.

KARATA GANI?

Mbele ya kuendelea, nieleze kwa wale wasiojua, zaidi wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, na wazazi wanaosoma gazeti hili siku ya kututembelea. Karata ninazosema si zile 52 za wafalme na malkia, na hatuweke franka hata moja juu yake. Ni mchezo unaoitwa Magic: The Gathering. Richard Garfield, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, ndiye aliyeutunga, na ulitoka mwaka 1993. Jina lake liliogopesha watu hapa. Perefe wetu aliangalia karata moja moja, akauliza maswali mengi, kisha akatuacha tucheze siku ya posho tu, baada ya kazi za mikono.

Kila mchezaji anajitengenezea lundo lake mwenyewe, karata 60 ao zaidi, akichagua katika maelfu ya karata zilizochapwa. Kwa kawaida anaanza na uzima 20, na yule anayefika sifuri ameshindwa. Kuna karata za udongo, zinazotoa nguvu. Kuna karata nyingine zinazolipwa kwa nguvu ile, na zaidi sana ni viumbe wanaoshambulia na kukinga. Karata ikiisha kutumiwa inalazwa upande. Ikiwa tayari tena inasimamishwa. Zile zilizokufa zinatiwa pahali panapoitwa kaburi. Zile za kuvuta zinakaa kifudifudi katika lundo. Na karata saba za kwanza unazishika mkononi, mshindani asizione.

Mnaona sasa: katika mpira, uwanja umechorwa mbele ya mchezo kuanza. Hapa, uwanja ni karata zenyewe, na mchezaji ndiye anayeuchora kwa mkono wake kila mara anapotia karata moja chini. Akiuchora vibaya, mwenzake anacheza katika uwanja asioufahamu.

Sanduku letu la karata lililetwa na mtoto wa mjomba wangu anayekaa Bruxelles. Alipokuja kututembelea aliniachia karata zake za zamani, zote za Kifaransa. Tulianza watu wawili, leo tuko kumi na mmoja.

MAMBO YALIYOTOKEA

Katika muhula wa mwisho wa mwaka uliopita tulifanya mashindano ya enterna. Kombe halikuwako. Tulipatana ya kwamba atakayeshinda atabeba sanduku lote kwao kwa likizo kubwa. Kwetu ni kitu kikubwa, kwa maana likizo bila karata ni ndefu sana. Mchezo wa mwisho ulikuwa kati yangu na rafiki yangu mmoja. Tunalala vitanda vya kukaribiana tangu mwaka wa kwanza.

Tulicheza mangaribi, juu ya sanduku lake la bati, na umeme ulikuwa umekatika. Tulikuwa na taa moja ndogo, na watu wote wamesimama nyuma yetu wanatutilia kivuli. Sasa, mimi nilizoea kupanga udongo wangu mbele, upande wa mshindani, na viumbe nyuma, karibu na tumbo langu. Sikuanza vile kwa ubaya. Niliona tu ya kwamba mkono wangu unafika vizuri. Lakini nikisema, niseme yote: baada ya siku nyingi niliona pia ya kwamba watu wanakosea kuhesabu viumbe wangu, na sikubadili kitu.

Tulifika pahali ambapo yeye amebaki na uzima 4, mimi 5. Yeye alikuwa na viumbe watatu. Mimi nilikuwa na watatu vilevile. Wawili walionekana vizuri. Wa tatu, mwenye nguvu 4, alikuwa nyuma ya udongo, nusu yake chini ya karata nyingine. Rafiki yangu akainama, akahesabu kwa kidole: mmoja, wawili. Nilimwona anahesabu. Nikanyamaza.

Akashambulia na wote watatu, kwa sababu alijua ya kwamba mmoja atapita na kunimaliza. Nikamvuta yule wa tatu kutoka nyuma, nikawakinga wote. Hakuna aliyepita. Wale viumbe wake waliobaki hai walikuwa wamelala, kwa maana anayeshambulia analazwa, na aliyelala hawezi kukinga. Zamu yangu ikafika, nikapiga 4. Mchezo ukaisha.

Watu walipiga kelele, lakini yeye hakupiga. Aliuliza tu: "Ile karata ilikuwa wapi?" Nikajibu: "Ilikuwa juu ya meza. Ungeuliza." Akaniambia: "Hukusema uongo. Lakini hukutaka nione." Akakusanya karata zake, akalala. Majuma matatu yaliyobaki hakunisemesha, ila kule mezani: "Pitisha chumvi."

Nilibeba sanduku kwetu. Wadogo zangu hawajue mchezo ule. Lilikaa chini ya kitanda likizo yote.

NILITAFUTA WA KUNISAIDIA, SIKUMPATA

Katika likizo ile nilimwandikia mtoto wa mjomba kwa simu ya baba. Nilimweleza mambo yote, nikitumaini atasema ya kwamba mimi ndiye mwenye haki. Kila mtu anapanga nyumba yake, si vile? Naye alicheza mashindano ya kweli kule Ubelgiji, anajua. Hakunijibu kwa maneno mengi. Alinitumia sheria za mashindano, kwa Kifaransa, akaniambia nitafute kipande cha kupanga meza.

Kumbe kiko. Kile kitabu kikubwa cha sheria za mchezo wenyewe hakikuambie utie kiumbe mbele ao nyuma. Lakini sheria za mashindano zinasema, kwa ajili ya mashindano makubwa. Nazieleza kwa maneno yangu:

Udongo unakaa karibu na mwenyewe. Viumbe wanakaa mbele, upande wa mshindani, na udongo usiingie kati yao na mshindani. Baadhi ya karata ambazo si udongo wala kiumbe zinaweza kukaa mbele ao nyuma, lakini zisifunike nyingine. Lundo la kuvuta na kaburi vinakaa pamoja upande mmoja, kuume ao kushoto, mwenyewe achague. Karata zilizotoshwa kabisa katika mchezo zionekane mbali na zile za kaburi. Karata iliyo tayari inamwangalia mwenyewe. Iliyolazwa inageuzwa upande kabisa, si kuinamishwa kidogo tu. Na arbitri akiona meza haisomeke, anaweza kuagiza ipangwe upya, na neno la mwisho ni lake.

Udongo nyuma, viumbe mbele. Ni kinyume kabisa cha meza yangu.

Msifikiri ya kwamba sheria ile iliandikwa siku ya kwanza. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu yalifanywa mwaka 1994 kule Milwaukee, Marekani, na kwa miaka mingi watu walipanga meza kama kila mmoja alivyozoea. Wachezaji wengi wa zamani walitia udongo mbele kama mimi, na si wote waliokuwa wadanganyifu. Lakini mtu anayecheza na wageni wengi kwa siku moja hawezi kujifunza desturi ya kila mmoja. Kila mara macho yake yanatafuta kiumbe mahali pa udongo, anakosea, anamwita arbitri. Watu walichoka, na kile kilichokuwa desturi kikaandikwa kuwa sheria.

MICHEZO MINGINE WANAFANYAJE?

Wengine wetu wameona pia karata za Pokémon, zilizoanza Japani mwaka 1996. Kule mtu hana nafasi ya kujitungia meza. Kitabu cha sheria kinaonyesha kwa picha: yule anayepigana anakaa katikati, wale wanaongoja wanakaa nyuma yake kwa mstari, wasipite watano. Karata sita za zawadi ziko kushoto, lundo la kuvuta kuume, na zile zilizotupwa chini yake. Hata mtoto wa miaka minane akiona meza ya mwenzake anajua pa kuangalia.

Karata za Yu-Gi-Oh!, nazo za Japani, za mwaka 1999, zinapita hapo tena. Kule pahali penyewe ni sehemu ya nguvu ya karata. Kila upande uko na nafasi tano za wanyama wa kupigana, na tano za karata nyingine nyuma yao. Mnyama aliyesimama anashambulia, aliyelazwa anakinga. Mwaka 2017 waliongeza nafasi mbili katikati ya wachezaji wawili, pamoja na karata zenye mishale inayoonyesha nafasi za kando yake. Ukisukuma karata ile upande mmoja, mishale inaonyesha pahali pengine, na mchezo umebadilika. Katika mchezo kama ule hakuna mtu anayeweza kusema: "Nimeitia hapa kwa sababu mkono wangu unafika vizuri."

Kwa hiyo michezo mitatu, njia tatu. Mmoja uliwapa watu uhuru, kisha ukaona shida, ukaandika sheria. Wa pili ulichora picha. Wa tatu ulifanya pahali kuwa sheria yenyewe. Hakuna hata mmoja uliosema: "Fanyeni mnavyotaka, mwenye macho aone."

Na kuna mfano mkubwa zaidi katika zile karata 52 zenyewe. Katika mchezo wa bridge wanacheza wawili wawili, na mmoja wa wanne anaweka karata zake zote chini wazi. Sheria yake inasema zipangwe vipi: kila rangi mstari wake, kufuatana na ukubwa, na ile rangi kubwa ya mchezo iwe kuume kwake. Karata za kila mchezo zinaletwa mezani katika kibao kidogo. Mwaka 2015 wachezaji wawili wakubwa walishitakiwa ya kwamba namna walivyotia kile kibao juu ya meza ilikuwa lugha ya siri: kikikaa hapa, mwenzangu cheza rangi hii, kikikaa pale, cheza ile. Watu walitazama video, wakalinganisha, na wale wawili wakafungiwa. Hawakufungua kinywa, lakini kibao kilisema. Basi tusiseme tena ya kwamba kupanga meza ni jambo dogo la usafi.

KILE KINACHOFICHWA NA KILE KISICHOFICHWA

Hapa ndipo mawazo yangu yanasimama, na ninaomba msome polepole.

Mmoja wetu aliniambia: "Kama unataka meza iwe wazi vile, basi nionyeshe na karata za mkononi." Hapana. Ni vitu viwili. Katika mchezo huu kuna siri ya haki. Karata za mkononi ni zangu. Si lazima niseme kitu, naweza hata kutabasamu nikiwa sina karata nzuri. Mshindani anajua ya kwamba hajui. Anaweza kuogopa, anaweza kujihatarisha, na akishindwa hawezi kulalamika.

Lakini karata iliyo juu ya meza si siri. Sheria zinagawanya mambo. Kuna mambo ambayo ukiulizwa lazima ujibu kweli yote: uzima wako ni ngapi, karata hii inaitwa nani, imelala ao imesimama. Kuna mengine ambayo katika mashindano makubwa si lazima umsaidie mwenzako kuyapata, ila huwezi kumdanganya juu yake. Na hesabu ya viumbe iko kati ya haya. Tena katika michezo midogo ya kirafiki, kama yetu, hata hesabu ile ukiulizwa ujibu.

Mtu anaweza kusema: "Basi wewe ulikuwa na haki, kwa maana rafiki yako hakuuliza." Mimi nilijisemea vile likizo yote. Lakini angalieni vizuri. Kama si kazi yangu kumhesabia, ni kwa sababu inafikiriwa ya kwamba anaweza kuhesabu mwenyewe. Karata ziko wazi mbele yake, achukue nguvu ya kuzisoma. Nikizificha, nimeondoa ile sababu iliyonipa ruhusa ya kunyamaza. Kunyamaza kwangu ni haki pale tu ambapo meza inasema. Meza ikinyamaza nami nikinyamaza, mwenzangu ataambiwa na nani?

Na tena, yeye hakujua ya kwamba hajui. Mbele ya mkono wangu alikuwa anaogopa, mbele ya meza yangu aliamini. Ndiyo tofauti. Nilimshinda pale alipoamini.

WANAOPINGA

Nimewasikiliza wenzangu, na wamesema maneno manne.

La kwanza: uhuru. "Mimi natumia mkono wa kushoto, nitapanga kama wewe?" Ni neno la haki, na sheria imelijibu mbele yetu: lundo na kaburi vikae kushoto ao kuume, mwenyewe achague. Kinachoombwa si meza zote zifanane kama kalasi zetu. Kinaombwa kitu kimoja: mgeni akikaa mbele yako aweze kuisoma bila kuuliza.

La pili: "Mwenye macho aone. Mchezaji mzuri anaangalia." Ni kweli, kuangalia ni sehemu ya mchezo. Lakini aangalie kitu gani? Akisahau karata yangu inaweza kufanya nini, ni kosa lake. Akishindwa kufikiri mbele zamu mbili, ni kosa lake. Akikosa kuona karata kwa sababu iko chini ya nyingine, gizani, nyuma ya udongo, hapo hatushindane kwa akili tena. Tunashindana kwa macho na kwa taa. Na katika chumba chetu, wote hatuna macho sawa. Wandugu wawili wanahitaji miwani na hawana. Je, wao wasicheze?

La tatu ni zito zaidi kwangu: "Sheria itakuwa silaha. Mtu atamwita arbitri kwa kila karata iliyopita kidole kimoja." Nimeshaona watu wa namna ile, na ninyi mmewaona. Mtu anashindwa, anaanza kutafuta kosa katika meza ya mwenzake. Kwa hiyo nasema sheria yetu isianze na adhabu. Arbitri aseme kwanza: "Panga vizuri." Mwenzako akikuomba usogeze karata, sogeza, endeleeni. Adhabu ije tu kwa yule aliyeonywa akarudia. Na yule anayeita arbitri kwa kuchosha mwenzake, naye aonywe.

La ine: "Ni mchezo tu." Mimi pia nilisema vile, kwa simu, kwa mtoto wa mjomba. Lakini rafiki yangu alikuwa kitanda cha pili, na majuma matatu tulikuwa tunavua viatu kila usiku bila neno. Kama ni mchezo tu, basi inatupasa tuucheze kwa namna ambayo asubuhi tunaweza kusalimiana.

NINAVYOOMBA

Mbele ya mashindano ya muhula huu, naomba wachezaji wote kumi na mmoja tukubali mambo haya, tuyaandike katika kaye moja, na kila mtu atie jina lake:

1. Viumbe mbele, udongo nyuma. Karata isifunike jina la nyingine. Udongo wa namna moja unaweza kupandana, lakini kila mmoja uonekane, na uliolazwa utengwe na uliosimama.

2. Lundo na kaburi upande mmoja, na nafasi ya vidole viwili kati yao. Mara mbili mwaka uliopita kaburi lilichanganyika na lundo juu ya blanketi, na hakuna aliyejua tena kilichokufa na kilicho hai.

3. Kulaza ni kulaza. Karata iliyoinama nusu inahesabiwa namna gani? Tusifike huko.

4. Karata za mkononi zikae juu ya meza kwa urefu, zisishuke chini kwa magoti. Kwa njia hii hakuna atakayemfikiria mwenzake vibaya.

5. Uzima uandikwe na biki kwenye karatasi, kila mtu aandike wa wote wawili, na ukibadilika useme kwa sauti. Tusitumie tena punje za mahindi. Mtu akipiga chafya, uzima wote unaanguka chini.

6. Lundo likiisha kuchanganywa, mpe mwenzako alikate ao alichanganye tena, bila kukasirika. Hajasema ya kwamba wewe ni mwizi.

7. Tucheze juu ya meza ya refekta, si juu ya kitanda, na mbele ya giza. Watazamaji wakae pembeni, wasisimame nyuma ya mchezaji, na wasiseme neno juu ya karata wanazoona.

8. Arbitri awe mmoja ambaye hachezi siku ile, na neno lake liwe la mwisho.

Mtu akiona neno jingine la kuongeza, aandike. Mimi siko mwalimu wa jambo hili. Niko mtu aliyekosea, na ninajua nilikosea pahali gani.

MWISHO

Siku ya kurudi masomoni nilileta sanduku, nikalitia juu ya kitanda cha rafiki yangu. Nikamwambia: "Ni lako mpaka likizo ijayo." Akalisukuma kwangu. Akasema hataki kupewa. Anataka tucheze tena, mezani, mchana. Nikakubali.

Tumecheza siku ya posho iliyopita, katika refekta, karibu na dirisha. Nilitia viumbe mbele. Mkono wangu ulichoka kidogo kufika pale, na mara tatu niliwarudisha nyuma bila kufikiri, yeye akagonga meza kwa kidole, nikawasogeza. Alinishinda. Nilikuwa na karata mbili mkononi ambazo hakuzijua, na hazikunisaidia kitu. Yeye aliona viumbe wangu wote, akahesabu vizuri, akangoja zamu moja zaidi. Ndiyo sababu alishinda.

Sasa tunasemezana. Bado anasema ya kwamba mimi nachelewa sana kucheza, nami nasema yeye anapiga chafya kwa makusudi. Hayo tutayapatanisha wenyewe.

Wandugu, nangoja majibu yenu katika nambari ijayo. Yule anayefikiri ya kwamba meza ni mali ya mwenyewe na sheria haina kazi pale, aandike sababu zake. Lakini aziandike wazi, tuzisome sisi wote.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, enterna ya wavulana